Frank Zappa na kejeli inayopigwa kwa ala

Frank Zappa, mtunzi na mpiga gitaa wa Marekani, alipofariki tarehe 4 Desemba 1993, akiwa na umri wa miaka 52, alikuwa ameshatoa albamu zaidi ya 60, na tangu hapo warithi wake wameendelea kufungua hazina ya tepu alizoziacha hadi idadi hiyo ikavuka 100. Humo mna roki, mna jazi, mna nyimbo za mapenzi za vijana wa miaka ya 1950, mna vipande vya okestra kamili, mna muziki uliotungwa na kupigwa kwa kompyuta peke yake, na mna mizaha mingine michafu kiasi kwamba hakuna redio ya Marekani iliyothubutu kuirusha. Msikilizaji mgeni akiangukia albamu moja, ataondoka akiamini kwamba Zappa alikuwa mchekeshaji aliyejaliwa kupiga gitaa. Akiangukia nyingine, ataamini kwamba alikuwa mtunzi makini aliyelazimika kuchekesha ili apate fedha za kulipia okestra. Hukumu hizo mbili zimekuwa zikirudiwa kwa miaka mingi, na zote mbili zinamdhulumu, kwa sababu zinamkata mtu mmoja vipande viwili.

Rai ninayoitetea hapa ni kwamba tashtiti ya Zappa na utunzi wake vilitoka katika karakana moja, na kwamba njia ya haki ya kupita katika kazi zake nyingi ni kujiuliza kila mara: je, anayekejeli hapa ni maneno, au ni muziki wenyewe? Pale muziki unapobeba kejeli, kazi ya Zappa bado ina makali yaleyale iliyokuwa nayo siku ilipotoka. Pale kejeli inapoachiwa maneno pekee, huku muziki ukitandikwa chini yake kama jamvi, kazi hiyo imechakaa, na mara nyingine inaumiza watu wasiostahili kuumizwa.

Zappa alizaliwa Baltimore tarehe 21 Desemba 1940. Baba yake, mzaliwa wa Sicily, alifanya kazi za kisayansi katika sekta ya ulinzi, na kazi hizo ziliihamisha familia mara kwa mara hadi ikafika California na kutua Lancaster, mji wa pembezoni mwa jangwa. Huko kijana Frank alianza na ngoma kabla ya kushika gitaa, na masikio yake yakakulia kati ya santuri za aina mbili ambazo kwa kawaida hazikukaa kwenye rafu moja: blues na nyimbo za makundi ya waimbaji Weusi na Wamarekani wenye asili ya Mexico, na kazi za Edgard Varèse, mtunzi mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia New York na kuandika muziki wa ving'ora na ala za kugonga ambao wakati ule ulisikilizwa na watu wachache mno. Alipotimiza miaka 15, zawadi aliyoiomba kwa mama yake ilikuwa ruhusa ya kupiga simu ya masafa marefu hadi nyumbani kwa Varèse. Mtunzi mwenyewe hakuwapo siku hiyo, lakini mkewe alipokea. Katika masikio ya kijana yule, kipande cha Varèse na gitaa la mwanablues Johnny "Guitar" Watson vilikuwa na hadhi sawa, na hakuna aliyemwambia kwamba kimoja ni sanaa na kingine ni burudani. Bila kulielewa hilo, mtu hawezi kuelewa kwa nini baadaye aliweza kuukejeli muziki wa kila aina: alikuwa ameujifunza kwanza, tena kwa heshima.

Albamu ya kwanza ya bendi yake ya The Mothers of Invention, "Freak Out!" ya mwaka 1966, ilitoka ikiwa santuri mbili kwa pamoja, jambo ambalo lilikuwa karibu halijasikika kwa bendi ya roki inayoanza. Ndani yake mna wimbo mmoja usio na mzaha hata kidogo, "Trouble Every Day", alioutunga kutokana na ghasia za mtaa wa Watts, Los Angeles, za Agosti 1965, na namna televisheni zilivyozigeuza kuwa tamasha. Ni wimbo wa blues wenye hasira, na unaonyesha kwamba Zappa angeweza kuwa mwandishi mzuri wa nyimbo za kupinga maovu, kama wenzake wengi wa kizazi kile, laiti angetaka kubaki hapo. Hakutaka. Albamu iliyofuata, "Absolutely Free" ya 1967, inabeba "Brown Shoes Don't Make It", wimbo wa dakika saba na ushee unaowachora watu wenye mamlaka wanaotunga sheria za maadili huku wakificha tamaa zao. Katika muda huo mfupi muziki unabadilika mara nyingi: roki ya gereji, kipande kinachonusa okestra ya kisasa, muziki laini wa kumbi za starehe, kisha roki tena. Kila mtindo unaingia kama vazi ambalo mhusika anajifunika nalo, na unapovuliwa ghafla tunamwona alivyo. Maneno yakiondolewa, kejeli bado inasikika.

Kilele cha mbinu hiyo katika miaka ya mwanzo ni "We're Only in It for the Money" ya mwaka 1968. Jalada lake liliiga kwa dhihaka jalada maarufu la Beatles la mwaka uliotangulia, na kampuni ya kurekodi iliogopa kesi kiasi cha kuihamishia picha hiyo ndani, ikaacha nje picha nyingine. Wengi huikumbuka albamu hii kwa sababu iliwacheka mahipi wakati ambapo kila mwanamuziki aliwaimbia sifa, na ni kweli iliwacheka: vijana waliokwenda San Francisco kununua uasi kama wanavyonunua shati hawakusamehewa. Lakini Zappa hakusimama upande wa wazazi pia. Wimbo wake "Mom & Dad" unasimulia kwa sauti ya huzuni askari wakiwaua vijana huku wazazi wakiwa nyumbani na vinywaji vyao, na ulitoka miaka miwili kabla wanafunzi wanne hawajauawa na wanajeshi katika Chuo Kikuu cha Kent State, Mei 1970. Jambo ambalo ningependa msikilizaji alitilie maanani zaidi ni mkasi. Zappa alikata tepu kwa mkono, akazipachika sauti za minong'ono, milio iliyorudishwa nyuma, mazungumzo yaliyokatizwa na nyimbo zinazokufa kabla ya kukomaa. Katika albamu nyingine za mwaka ule, hila za studio zilitumika kumvuta msikilizaji katika ndoto. Hapa zinamwamsha kila anapoanza kusinzia. Kuwaambia watu kwamba wanadanganyika ni rahisi, lakini kuwanyima starehe ya kudanganyika katikati ya wimbo kunahitaji mtunzi.

Mwaka huohuo alitoa "Cruising with Ruben & the Jets", albamu nzima ya nyimbo za doo-wop, zile za mapenzi za makundi ya waimbaji wa miaka ya 1950, iliyodaiwa kuwa ya bendi ya kubuni. Wapo waliodhani ni dhihaka tupu. Mimi naiona kuwa ushahidi kwamba alidhihaki alichokipenda, maana miaka mitano kabla yake alikuwa ameshiriki kuutunga wimbo halisi wa aina hiyo, "Memories of El Monte", uliorekodiwa na kundi la Penguins. Huwezi kuziandika sauti za waimbaji kwa usahihi ule bila kuwa umezisikiliza ukiwa kijana mwenye moyo uliovunjika.

Kisha mwaka 1969 alivunja bendi na kutoa "Hot Rats", ambayo hadi leo ndiyo ningemwelekeza mtu anayetaka kuanza. Ni albamu ya ala karibu yote. Sauti ya mwimbaji inasikika katika wimbo mmoja tu, "Willie the Pimp", nayo ni ya Captain Beefheart, rafiki yake wa ujanani kutoka Lancaster. Ilirekodiwa kwa mashine ya njia 16, teknolojia iliyokuwa mpya wakati huo, na Zappa akaitumia kupanga tabaka za saksafoni, filimbi na vinanda vilivyopigwa kwa sehemu kubwa na Ian Underwood. "Peaches en Regalia" ina melodia ambayo mtu huishika mara moja, kisha akijaribu kuiimba hugundua kwamba inapinda pale asipotarajia. Kipindi kilichofuata, cha 1970 na 1971, chenye waimbaji wawili wachekeshaji na visa vingi vya maisha ya hotelini, ningekipita kwa haraka. Desemba 1971 ukumbi wa Montreux uliungua wakati bendi yake ikiwa jukwaani, na siku chache baadaye mtu mmoja alimsukuma kutoka jukwaani London, akavunjika mguu na kuumia koo, na sauti yake ikashuka kuwa nzito tangu siku hiyo.

Bendi aliyoiunda baada ya kupona ndiyo ambayo wapenzi wengi wa Zappa wanaipenda kuliko zote, nami ni mmoja wao. Ilikuwa na George Duke kwenye vinanda na Ruth Underwood kwenye marimba, vibrafoni na ala nyingine za kugonga. "Inca Roads", unaofungua albamu ya "One Size Fits All" ya 1975, unawatania watu walioamini kwamba viumbe kutoka anga za juu walitua kwa wenyeji wa kale wa Amerika Kusini. George Duke anaimba maneno hayo kwa sauti tamu kabisa, huku mapigo yakibadilika chini yake bila kupumzika, na marimba ikikimbia kwa kasi ambayo mikono ya kawaida haiwezi. Katikati linaingia gitaa la solo lililokatwa kutoka onyesho la Helsinki la 1974 na kupandikizwa juu ya tepu iliyorekodiwa Los Angeles, na mshono hausikiki. Hapo gitaa halitanii tena. Limeachwa peke yake lizungumze, na huo ndio mtindo wake karibu katika kila albamu: bendi inashikilia midundo miwili mitatu inayojirudia, naye anatunga papo hapo juu yake, akigonga nyuzi kwa lafudhi ya mtu anayezungumza zaidi ya mtu anayeimba.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa muziki unaojikejeli wenyewe ni "The Black Page", kipande alichomwandikia mpiga drams Terry Bozzio, na kilichopewa jina hilo kwa sababu karatasi yake ilijaa noti hadi ikaonekana nyeusi. Katika "Zappa in New York", iliyorekodiwa Desemba 1976, kinapigwa kwanza katika hali yake ngumu, kisha kinarudi katika toleo la pili ambalo Zappa alilikabidhi kwa vijana wa New York waliotaka kucheza, akiweka mdundo wa disko chini ya noti zilezile zisizochezeka. Hakuna neno hata moja la matusi kuhusu disko. Mguu unataka kwenda, noti zinaukataza, na msikilizaji anacheka kabla hajajua anacheka nini.

Linganisha na nyimbo za mwishoni mwa miaka ya 1970 ambazo ndizo zilizomwingizia fedha. "Bobby Brown", kutoka "Sheik Yerbouti" ya 1979, ulipata mafanikio makubwa Norway na Ujerumani, lakini haukupigwa na redio za Marekani kwa sababu ya maneno yake. Albamu hiyohiyo ina wimbo kuhusu wasichana wa Kiyahudi uliolalamikiwa rasmi na jumuiya inayotetea haki za Wayahudi, na Zappa akakataa kuomba radhi. Watetezi wake husema kwamba alimcheka kila mtu bila ubaguzi. Sikubaliani nao kikamilifu. Kumcheka seneta na kumcheka msichana si jambo moja, maana seneta ana mimbari ya kujibia. Lakini nina sababu nyingine, ya kimuziki, ya kuziweka nyimbo hizo chini: ndani yake mtunzi amelala. Muziki ni wa kuegemea tu, maneno yanatangulia mbele, na mzaha ukishasikika mara mbili haubaki na kitu. Hata kwa mtu asiyekwazika, ni nyimbo maskini kuliko zile zilizo jirani yake katika albamu hiyohiyo.

Ndiyo maana "Joe's Garage", iliyotoka miezi michache tu baadaye katika mwaka huohuo wa 1979, ni kazi inayonisumbua na kunivuta kwa pamoja. Ina mizaha michafu mingi, mingine ikiwalenga wanawake tena, lakini hadithi yake ni nzito: serikali imeamua kuupiga marufuku muziki, na chombo kiitwacho Central Scrutinizer, kinachozungumza kwa sauti ya Zappa mwenyewe kupitia kipaza sauti, kinasimulia jinsi Joe, kijana mpiga gitaa, alivyoharibikiwa. Zappa aliandika katika maelezo ya albamu kwamba asiyeamini hadithi hiyo aitazame Iran, ambako mwaka uleule muziki ulikuwa umepigwa marufuku. Magitaa ya solo karibu yote katika albamu hiyo yametolewa katika tepu za maonyesho ya zamani na kubandikwa juu ya nyimbo ambazo hayakupigwa kwa ajili yake, mbinu aliyoiita xenochrony, hivi kwamba gitaa na bendi hukutana kama wageni wawili njiani na bado wakaelewana. Joe anapotoka gerezani na kukuta dunia isiyo na muziki, hana ala tena, anabaki kuyawaza magitaa kichwani. La mwisho analoliwaza ni "Watermelon in Easter Hay", la mapigo tisa kwa kila kipimo, nalo Zappa alilipiga studioni kwa ajili ya wimbo wenyewe. Ni melodia ya polepole, wazi, isiyo na hila yoyote. Baada ya saa nzima na zaidi ya ukorofi, uwazi huo unaonyesha hasa ni kitu gani serikali ile ya kubuni ilikuwa ikikiua, na hakuna hotuba ambayo ingeonyesha hivyo.

Miaka sita baadaye hadithi ile ilipata mwangwi wake katika maisha halisi. Kikundi cha wake za wanasiasa wa Washington, akiwamo Tipper Gore, mke wa Seneta Al Gore, kilidai kwamba albamu ziwekewe lebo za kuwaonya wazazi, na tarehe 19 Septemba 1985 Zappa alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Alikwenda amevaa suti, nywele zimechanwa vizuri, akasoma hoja zake kwa utulivu, akiwakumbusha wajumbe kwamba wakati huohuo kampuni za kurekodi zilikuwa zikiliomba Bunge kodi juu ya tepu tupu, na kwa hiyo hazikuwa na haraka ya kuwapinga. Ushahidi huo umesifiwa sana, na unastahili. Mimi naona jibu lake bora lilikuwa "Porn Wars", kipande cha dakika 12 kilichotoka mwaka huohuo. Alichukua rekodi ya kikao, akakata sauti za maseneta wenyewe, akazirudiarudia, akazipunguza kasi, akazipanga juu ya sauti za kompyuta. Mabwana wale walisema maneno machafu wakiwa wanayalaani, na Zappa aliwaacha waendelee kuyasema.

Inafaa kukumbuka pia kilichotokea Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia ya wakati ule. Bendi iliyoundwa huko mwaka 1968 ilijiita Plastic People of the Universe, kwa kuufuata wimbo wa Zappa kutoka "Absolutely Free", na kukamatwa kwa wanamuziki wake mwaka 1976 kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma mwandishi Václav Havel na wenzake kuandika Hati ya 77, tamko la kudai haki za binadamu. Zappa alipofika Prague mwaka 1990, baada ya utawala wa Kikomunisti kuanguka, alipokewa kama shujaa. Vijana wale wa Prague hawakuhitaji kuelewa kila fumbo la California. Walisikia katika mpangilio wa muziki kwamba utaratibu unaodaiwa kuwa wa lazima unaweza kukatwa na kupangwa upya, na hilo liliwatosha.

Nyuma ya yote haya ilikuwapo tamaa yake ya zamani ya kusikia muziki wake ukipigwa na wasomaji wa noti. Alilipia London Symphony Orchestra kutoka mfukoni mwake mwaka 1983, chini ya kiongozi wa okestra Kent Nagano, na hakuridhika, akalalamika kuhusu uchache wa mazoezi na kulazimika kufanya ukarabati mwingi wa tepu. Pierre Boulez, mtunzi na kiongozi wa okestra wa Ufaransa, alirekodi kazi za Zappa Paris kwa albamu ya mwaka 1984. Zappa, akiwa amechoshwa na gharama na makosa, alihamia kwenye Synclavier, kompyuta ya muziki iliyopiga chochote alichoandika, na "Jazz from Hell" ya 1986, iliyotungwa karibu yote humo, ikapata tuzo ya Grammy. Ina kasi ya kutisha na ubaridi fulani ambao sikuwahi kuuzoea.

Ubaridi huo uliondoka mwaka 1992, Ensemble Modern, kundi la Ujerumani la muziki wa kisasa, ilipopiga kazi zake Frankfurt, Berlin na Vienna. "G-Spot Tornado", kipande cha "Jazz from Hell" ambacho kilidhaniwa hakipigiki na binadamu, kilipigwa na binadamu, tena kwa furaha inayosikika katika albamu ya "The Yellow Shark" iliyotoka mwezi mmoja kabla ya kifo chake. Wakati huo saratani ya tezi dume ilikuwa imemdhoofisha, na aliweza kuhudhuria baadhi tu ya maonyesho ya Frankfurt, akiongoza vipande vichache kwa mkono wake. Kimoja kati ya hivyo kinaitwa "Welcome to the United States". Zappa hakuandika neno hata moja la kipande hicho. Mwanamuziki mmoja wa kundi anasoma, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, fomu ya uhamiaji ambayo wakati ule mgeni alijaza alipoingia Marekani: je, una ugonjwa wa kuambukiza, umewahi kushiriki katika mauaji ya kimbari, unakuja kutenda uhalifu, jibu ndiyo au hapana. Yeyote aliyewahi kujaza fomu za viza anayajua maswali hayo na adabu yao. Baada ya kila swali Zappa anainua mkono, na okestra inajibu.